Vitambaa vya Mto Kalundi

Ofisi ya Misitu,
Sumbawanga.
11 Juni, 1975

Mkamwana wangu Cornelia,

Natumaini karatasi hii inakukuta umekaa kivulini, hujasimama juani unapura ulezi. Mimi sina ugonjwa, ila baridi ya Sumbawanga mwezi huu haina adabu, inaingia mpaka kwenye magoti ya mtu aliyezaliwa Rungwe, na huko kwetu nako si kwenye joto. Mumeo ameniandikia kutoka chuoni Mbeya. Anasema masomo yanakwenda, ila maharage ya chuo yana mawe. Nimemjibu avumilie, Desemba atarudi kwako na meno yaliyobaki.

Nakuandikia kukushukuru. Nilipokuja Kalundi wiki iliyopita kupima msitu nilifikia kwa baba yako, Mzee Kasimiri, na chakula kilipoletwa nikajua ni mkono wa nani. Ugali wa ulezi, maharage, na migebuka mikavu, wale samaki wa Kabwe, iliyoungwa karanga. Wewe sikuona hata upindo wa kanga yako. Nilichosikia, nilipopiga hodi, ni sufuria likianguka jikoni na miguu ikikimbilia nyuma ya ghala. Baba yako alicheka mpaka akakohoa. Alisema sisi Wanyakyusa tunafuga wakamwana kama swala. Nikamwambia swala wangu anajua kupika.

Marehemu mama mkwe wako angefurahi. Ndiye aliyekufundisha kwamba mkamwana wa kwetu hakutani na baba mkwe, hamtazami usoni, wala halitaji jina lake. Wewe ni Mfipa, ungeweza kusema hayo ni ya watu wengine. Hukusema hivyo, na mimi nakuheshimu kwa hilo.

Kazi imekwisha. Mimi na Eustace, msaidizi wangu, tumepigilia vigingi kutoka kwenye chemchemi, tukafuata mgongo wa mlima mpaka kwenye maporomoko. Mstari umenyooka vizuri kwenye ramani. Juu ni hifadhi ya mbega wekundu, chini kando ya mto ni shamba la kijiji. Kila mtu amepata chake, na mimi ninalala usingizi.

Ndaga fijo, ahsante sana, kwa migebuka.

Baba mkwe wako,
Anyitike


Kijiji cha Ujamaa Kalundi.
30 Juni, 1975

Baba,

Shikamoo. Kwanza nisamehe kwa bahasha. Nimeandika "Bwana Misitu, Sumbawanga", basi, kama barua ya serikali, maana jina lako halipiti mdomoni mwangu wala kwenye kalamu, na mwanao Tuntufye hayupo wa kuniandikia. Hapa tunaamka salama. Mahindi yameingia ghalani, ulezi bado tunapura. Baba Kasimiri anakusalimu na anauliza lini utarudi.

Baba, nina neno, na nimetafuta namna ya kulisema kwa adabu nikaikosa. Basi nalisema hivi hivi. Vigingi umeviweka pabaya.

Siku ile mliyopima nilikuwa nimeshuka mtoni kuchota maji nikasikia sauti yako inakuja. Njia ya pale ni moja. Nikaacha ndoo, nikavuka juu ya mawe, nikajificha ng'ambo chini ya ile mikuyu mikubwa. Wewe ukakaa ukingoni ukaosha miguu. Nilikupa mgongo, sikukutazama, lakini masikio hayana mlango. Nikakusikia ukimwambia Eustace, "Huku chini hakuna kitu, vichaka tu. Mpaka tuupitishe juu mgongoni."

Na wakati unasema hivyo, mbega walikuwa juu ya kichwa changu.

Pale ndipo mikuyu ya ng'ambo hii na ya ng'ambo ile inaposhikana matawi juu ya mto. Hakuna mahali pengine. Mbega wanashinda msitu wa huku, wanavuka kwenda wa kule, halafu wanarudi, na hawashuki chini hata siku moja. Mikuyu ile ikikatwa, walioko kule watabaki kule mpaka waishe. Na huko mgongoni ulikopitisha mstari wako ni nyasi tupu, Baba. Umehifadhi nyasi, na miti umeiacha nje.

Najua habari hizi kwa sababu mwaka jana, nilipomzika mtoto, nilikuwa nakwenda kukaa chini ya mikuyu ile. Nyumbani kila mtu alikuwa ananitazama. Kule nilikuwa nawatazama mbega. Mama mbega anaruka juu ya maji mtoto amemng'ang'ania tumboni, na hamwangushi. Nilikuwa nalia, halafu napata nafuu, halafu narudi kupika. Nilitamani sana kukuita siku ile mliyopima. Mdomo ulikataa kufunguka, na mpaka leo roho inaniuma.

Mkamwana wako,
Cornelia


Ofisi ya Misitu,
Sumbawanga.
19 Julai, 1975

Mkamwana wangu,

Hujambo huko? Magoti yangu yanakusalimu, yako vile vile.

Barua yako niliisoma nikakasirika. Nikaiweka chini, nikanywa chai, nikaisoma tena, nikakasirika upya. Kazi hii niliianza enzi za Mwingereza. Nikajiuliza, huyu mtoto anayenikimbia nyuma ya ghala ndiye wa kunifundisha msitu? Tena nikajisemea, mbega ana miguu, njia ya juu ikikatika si atashuka apite chini kama sisi wengine.

Lakini neno lilikuwa limeshaniingia. Jumapili baada ya ibada nilipanda Mbizi, msitu ulio juu ya mji, mahali wachoma mkaa walipokata uwazi katikati ya miti. Nikakaa. Mbega wakaja mpaka kwenye mti wa mwisho. Walitazama ng'ambo, wakatazama chini, wakapiga kelele wakigombana kama wajumbe wa mkutano, halafu wakageuka wakarudi walikotoka. Nilikaa mpaka nikasikia njaa, na hakuna aliyeshuka. Nimekosea, Cornelia. Nilitazama ramani kuliko miti.

Ungenitupia hata jiwe siku ile. Jiwe si jina, desturi haijakataza jiwe.

Sasa sikiliza. Ramani inaweza kurekebishwa kabla haijapelekwa Dar es Salaam, ila kwa sharti. Mwenyekiti wa kijiji atembee mpaka mpya pamoja nami, na awepo mtu wa kutuonyesha njia yote ya mbega, kutoka chemchemi hadi maporomoko. Mwenyekiti ni baba yako. Zungumza naye. Mimi nikimwandikia ataona serikali inamnyang'anya tena ilichompa.

Baba mkwe wako,
Anyitike


Kalundi.
22 Agosti, 1975

Baba,

Shikamoo. Pole kwa magoti. Jaribu kuyakanda kwa maji ya moto yenye chumvi, bibi yangu alikuwa akifanya hivyo.

Nimezungumza na Baba Kasimiri na hatukuelewana. Sikukasirika naye, na naomba wewe pia usimkasirikie. Yeye ndiye aliyewaambia watu washuke kutoka mlimani waje kijijini, akawaahidi ardhi nyeusi. Wameacha nyumba zao na makaburi yao. Mwaka jana mvua ilikuwa mbaya, watu wamelala na njaa, na sasa kila mkutano ni kilimo cha kufa na kupona. Ulezi unapenda majivu, na majivu mengi yanatoka kwenye miti minene. Akiwakatalia bonde atawatazama na uso gani? Aliniambia, "Mbega hana kadi ya kijiji." Wazee waliokuwa pale wakacheka, na mimi nikacheka, kisha nikaenda nyuma ya ghala nikalia.

Wataanza kukata mwisho wa Septemba ili wachome Oktoba, kabla ya mvua. Mikuyu imeshawekewa alama ya shoka.

Nina baba wawili. Mmoja naweza kuzungumza naye ila hanisikilizi, mwingine ananisikiliza ila siwezi kuzungumza naye.

Umesema awepo mtu wa kuonyesha njia. Nimeuliza wanawake wenzangu. Wanaijua nusu nusu, na hakuna anayetaka kubishana na mwenyekiti. Hata kumtuma Eustace haiwezekani, mke wa mtu hatembei msituni na mwanamume mgeni mumewe akiwa mbali. Nimebaki mimi. Na mimi, Baba, nina mimba. Tuntufye aliiacha alipoondoka baada ya Pasaka. Mama mkwe aliniambia kwamba mkamwana akionana na baba mkwe uso kwa uso, anayeumia ni mtoto. Padri anasema hayo ni ya kizamani. Padri hajazika mtoto. Naogopa, sitaki kukudanganya.

Mkamwana wako,
Cornelia


Ofisi ya Misitu,
Sumbawanga.
4 Septemba, 1975

Mwanangu,

Habari uliyonipa nimeifurahia kiasi kwamba Eustace ameniuliza kama nimepandishwa cheo. Kula vizuri. Usibebe ndoo kubwa. Nakutumia maziwa ya unga kwa lori la ushirika, dereva ni mtu wa kwetu, hatayanywa.

Mimi ni mzee wa kanisa la Moravian, na kwa cheo hicho ningepaswa kukuambia desturi ile haina nguvu kwa Mkristo. Nimeiandika sentensi hiyo mara kadhaa nikaifuta. Ukweli ni kwamba mimi pia naogopa. Nilisimama kwenye kaburi la mjukuu wangu mwaka jana nikiwa mbali, ili wewe uweze kusimama karibu, na sitaki kusimama mbali tena.

Kwa hiyo wewe baki nyumbani. Nitakuja tarehe 24, nitamwomba Mzee Kasimiri atembee nami, na nitabahatisha njia. Nikipata nusu, ni nusu. Miti mingine itaota siku moja, watoto hawaoti.

Baba mkwe wako,
Anyitike


Kalundi.
14 Septemba, 1975

Baba,

Shikamoo. Maziwa yamefika, kopo halijafunguliwa, dereva wenu ni mwaminifu.

Usibahatishe. Uliwahi kubahatisha.

Nimepata njia. Siku hiyo mimi nitatangulia kabla hamjaamka. Nitapita njia yote ya mbega, na kila mahali mpaka unapotakiwa nitafunga kitambaa kwenye mti. Ninyi mtafuata vitambaa. Mkisikia mtu mbele yenu msiite, na mkiona kitu kinatikisika msikimbilie. Baba Kasimiri umwambie tu kwamba unataka kumwonyesha mahali pa kupumzika penye kivuli. Anapenda kivuli.

Mkamwana wako,
Cornelia


Ofisi ya Misitu,
Sumbawanga.
3 Oktoba, 1975

Mwanangu Cornelia,

Umepumzika? Miguu haijavimba? Nijibu hayo kwanza kabla ya mengine.

Najua baba yako amekusimulia, lakini yeye anasimulia kwa kuruka ruka, acha nami niseme yangu. Tulianzia kwenye chemchemi. Kitambaa cha kwanza nilikiona nikadhani ni ua. Cha pili nikakitambua. Ni kile kitenge chekundu chenye mikufu ya njano, ambacho mimi na marehemu mke wangu tulikuletea siku ya harusi, ukiwa umefunikwa uso. Baba yako naye alikuwa anavitazama vitambaa akitembea, fimbo mkononi.

Kuanzia hapo tuliacha kuzungumza habari za mipaka. Tulikuwa watu wazima wawili tunamfuata mtoto wetu msituni. Eustace nyuma yetu anapaka rangi miti. Mahali pabaya pa kupanda ulikuwa umefunga vitambaa viwili, ili tushike tawi. Hukunitaja magoti, lakini niliona umeyafikiria.

Tulipofika mtoni, kitambaa cha mwisho kilikuwa kwenye mkuyu wa ng'ambo, na chini yake majani yalikuwa yanatikisika. Nikaelewa. Ulikuwa umechelewa, tumbo limekuwa zito, na mbele yako ni maporomoko, pa kukimbilia hapana. Basi nikavua kofia nikajifunika uso, nikageuka nikautazama mlima nilioukosea, nikamwambia baba yako, "Mzee, tukae hapa, macho yangu yameingia vumbi." Sikusikia chochote ila maji. Sijui ulipita lini. Nilikaa hivyo mpaka baba yako aliponishika bega.

Aliniambia niangalie juu. Mbega walikuwa wanavuka, mmoja baada ya mwingine, na alikuwepo mama aliyeng'ang'aniwa na mtoto tumboni, kama ulivyoniandikia. Mzee Kasimiri aliwatazama mpaka wa mwisho. Kisha akasema kitu ambacho nadhani wewe hakukuambia. Alisema, "Alipofiwa alikuwa anakuja hapa. Mimi nilidhani anakwenda kukata kuni." Machozi yalimtoka, akasema ni moshi, na moto haukuwepo.

Baada ya hapo alirudi kuwa mwenyekiti. Akaniuliza nitampa nini cha kuwapelekea watu wake. Nikamwambia nina nyasi tupu mgongoni mwa mlima, ambazo mtaalamu mmoja alizihifadhi kwa makosa. Akacheka tena kile kicheko cha kukohoa. Akasema Mfipa akipewa nyasi hajanyimwa kitu. Atazifukia kwenye matuta, zitaoza, na mwakani atapanda maharage na mahindi bila kuchoma mti hata mmoja. Majivu ya ulezi watayatafuta kwenye vichaka vya chini ya maporomoko, mbali na mikuyu. Halmashauri ya kijiji ilikaa kesho yake. Walibishana sana, wapo walionuna na wangali wamenuna, lakini imepita. Vigingi vya zamani Eustace ameving'oa. Mpaka mpya unapita kwenye vitambaa vyako, umepinda pinda kama mkia wa nyani, na bosi wangu ameutazama kwenye ramani akauliza kama nilikuwa nimekunywa.

Kuna neno lingine. Desemba nastaafu, narudi Rungwe. Kazi imeniisha nikiwa nimekosea na nimerekebishwa, si mwisho mbaya. Linalonisumbua ni kwamba nimekula chakula chako miaka yote hii, nimesoma mwandiko wako, nimefuata nyayo zako, na sasa ninaondoka mkoa huu bila kuijua sura yako. Sikuombi ubadilishe kitu. Nasema tu ili ujue.

Ndani ya furushi hili kuna kitenge kipya. Hiki usikichane.

Baba mkwe wako,
Anyitike


Kalundi.
21 Februari, 1976

Baba,

Shikamoo, na salamu kwa wote wa Rungwe. Bahasha ya safari hii ameiandika mwanao, kwa hiyo ina jina lako kamili na posta haitahangaika. Kunyamaza kwangu kwa muda mrefu usikuhesabu kama ubaya. Nilikuwa nangoja kuwa na cha kusema, na nilikuwa naogopa kukisema mapema.

Mvua mwaka huu imekuja vizuri. Matuta ya mgongoni yamebeba maharage mpaka watu wanagombania kupalilia, na Baba Kasimiri anatembea huko kila asubuhi kana kwamba nyasi zile alizigundua yeye. Wale walionuna wamebaki wachache. Mto umejaa. Mikuyu imesimama. Vitambaa vingine vimeoza, vingine ndege wamechukua, ila kile cha mwisho bado kipo.

Nimejifungua mwisho wa Januari, mtoto wa kiume, mzima, analia kwa sauti ya mwenyekiti. Nilingoja mpaka ameshika uzito ndipo nikuandikie. Kila usiku niliweka mkono kifuani kwake kuhakikisha anapumua, na anapumua, Baba, anapumua vizuri.

Tuntufye alitaka kumpa jina la babu yake. Wanawake wa hapa wakamwonya, wakasema ukimpa mtoto jina hilo mama yake atamwitaje, na yeye amekatazwa kulitaja. Nikawaambia waache, mpeni. Ubatizo ulikuwa Jumapili. Padri alipolisema jina nilitazama chini, kama nilivyofundishwa.

Nyumbani siwezi kumwita kwa jina lake, kwa hiyo namwita Baba. Watu waliokuona wote wanasema amekuchukua uso mzima, kuanzia paji mpaka kidevu, hata namna ya kukunja midomo akiwa hajaridhika. Basi kila asubuhi nikimfungua mgongoni nasema, "Baba, umeamkaje?" Naye anageuka, ananitazama usoni, na mimi namtazama.

Mkamwana wako,
Cornelia